Mhariri, pissaladière siyo piza, naomba mrekebishe

Mhariri, salaam kwako na kwa wote mnaohangaika kutuandalia gazeti.

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, naishi Nice kusini mwa Ufaransa mwaka wa nane sasa, na gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila Jumapili mchana nikishatoka kazini, naanza na barua za wasomaji afu namalizia na mapishi. Sasa Jumapili hii iliyopita kwenye ukurasa wa mapishi mmetoa kitu mkakiita "piza ya vitunguu ya Kifaransa", chini yake mkaweka jina lenyewe, pissaladière, na kwenye mahitaji mkaandika vitunguu viwili, nyanya ya kopo, jibini ya kukwangua, zeituni ukipenda, samaki ukipenda. Maelekezo yanasema kaanga vitunguu dakika kumi mpaka viwe vya kahawia. Nimerudia kusoma mara mbili, kisha nikaona siwezi kunyamaza, manake hiki chakula, ambacho kwa kweli ni mkate wa vitunguu na dagaa wa chumvi, nimekipika kwa mikono yangu miaka minne mfululizo kwenye bekari moja ya mji mkongwe hapa Nice na nakijua kuanzia kitunguu kikiwa na ganda mpaka kipande kinapofungwa kwenye karatasi.

Naandika kwa nia njema kabisa. Nimefurahi kuona gazeti la Kiswahili limeugusa mji huu ambao watu wengi wanaujua kwa ufukwe na mahoteli tu. Lakini kuna watu watakata ule ukurasa wataubandika jikoni, watapika walichosoma, na watakaa miaka yote wakijua pissaladière ni piza yenye vitunguu, wakati pale mlipoandika hamna hata kile kitu kilichokipa chakula jina lake.

Basi nianze na jina. Hapa Nice wana lugha yao ya zamani, wenyewe wanaiita Nissart, siyo Kifaransa cha Paris, ni ndugu wa lugha za Provence, na mpaka leo ukipita mji mkongwe utaona vibao vya mitaa vimeandikwa lugha zote mbili. Kwa lugha hiyo peis ni samaki na salat ni kilichotiwa chumvi. Peis salat, samaki wa chumvi. Watu wakalivuta mdomoni mpaka likawa pissalat, na mkate uliopakwa hiyo pissalat ukaitwa pissaladiera, Wafaransa wakaandika pissaladière, unatamka kama pisaladieri. Kwahiyo jina halijatoka kwenye piza, herufi za mwanzo zimefanana tu, na wala halitaji kitunguu popote. Linataja samaki. Nyinyi mkaandika "samaki ukipenda".

Hiyo pissalat yenyewe ni nini? Ni rojo la samaki wadogo sana, vifaranga vya sardini na vya anchovi (anchovi ni hawa dagaa wa baharini, wembamba, mgongo wa bluu). Vifaranga hivyo wavuvi wa huku wanaviita poutine, ni vidogo mno, vyepesi, karibu unaona ndani. Unavipanga kwenye chombo tabaka la samaki tabaka la chumvi, unatia karafuu, pilipili manga, thaimu na majani ya mlaureli, unaacha, na kila siku unakoroga kwa mwiko wa mti. Siku za mwanzo inatoa maji tu, afu taratibu samaki wanayeyuka, baada ya mwezi hivi unachuja kwenye chujio la matundu madogo, miiba na viungo vinabaki juu, chini unapata rojo la kijivu lenye harufu kali, unalitia kwenye chupa na juu unamwagia mafuta ya zeituni ili hewa isiingie. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa anatengeneza chupa chache tu za nyumbani kwake. Mara ya kwanza aliponifungulia chupa niliona harufu imenizidi, lakini akachukua ncha ya kisu akapaka kwenye mkate wa moto, akaniambia kula, na nilipokula nikaelewa kwanini watu wa hapa waliita mkate mzima kwa jina la hicho kitu. Wenyewe wanapenda kuilinganisha na garum, mchuzi wa samaki waliochachushwa ambao Warumi walikuwa wanatia karibu kwenye kila chakula, na Warumi walikaa hapa hapa, magofu ya mji wao wa Cemenelum yapo juu ya kilima cha Cimiez na mtu unaingia unayaona.

Siku hizi pissalat ya kweli ni adimu. Hao vifaranga hawavuliwi hovyo, ni muda mfupi tu mwishoni mwa majira ya baridi, kwa ruhusa maalum, na ni kipande kidogo cha pwani hii kati ya Antibes na Menton, sheria imebana na mimi naona ni sawa ibane kwasababu ukivua vifaranga vyote mwaka kesho utavua nini. Ndo maana bekari nyingi sasa zinaweka minofu ya anchovi wa chumvi juu ya vitunguu badala ya pissalat, na hiyo inakubalika kabisa, hakuna mtu wa Nice atakugombeza. Lakini ni badala ya samaki kwa samaki. Ukitoa samaki wote ukabaki na vitunguu na mkate, hicho ni chakula kingine, kinaweza kuwa kitamu sana, kitafutieni jina lingine.

Sasa vitunguu, na hapa mhariri naomba univumilie manake ndipo penye kazi yote.

Mmeandika vitunguu viwili. Kwa trei moja ya bekari yetu, nusu kilo ya unga, tulikuwa tunatumia vitunguu kilo mbili, na siku zingine zaidi. Mtu akiona lile sufuria limejaa mpaka mdomoni anadhani tumekosea hesabu. Lakini kitunguu karibu sehemu tisa kati ya kumi ni maji, ukikipika taratibu maji yanatoka, kinalala, kinashuka, ile milima inakuwa tabaka la kidole kimoja tu juu ya mkate. Vitunguu viwili juu ya mkate wa ukubwa ule mtakuwa mmenyunyiza tu, mtu ataona mkate kuliko kitunguu.

Na siyo dakika kumi. Ni saa moja na nusu, kwa vitunguu vya msimu wa baridi ambavyo ni vigumu inafika hata saa mbili. Mafuta ya zeituni ya kutosha, moto mdogo kabisa, mfuniko juu, thaimu, jani moja la mlaureli, punje mbili za kitunguu saumu na maganda yake, basi. Unafunua unakoroga unafunika. Ukifika katikati ndo unatoa mfuniko ili maji yaliyobaki yakauke taratibu. Vitunguu vinatakiwa viwe laini kama vimeyeyuka, rangi ya asali nyepesi, visiwe vya kahawia, na hapo ndipo naona tatizo kubwa kuliko yote kwenye maelekezo yenu, manake neno "kahawia" limekaa kwenye kila mapishi ya vitunguu mpaka mtu analiandika bila kufikiria. Kitunguu kilichokaangwa haraka kinaungua kwa nje na ndani kinabaki kikali, ukikila na anchovi wa chumvi ni ukali juu ya ukali. Kitunguu kilichopikwa taratibu kinakuwa kitamu chenyewe bila sukari, utamu ulikuwemo tangu kikiwa kibichi ila umefunikwa na ule ukali unaotutoa machozi tunapokata, na moto ukikaa muda wa kutosha ukali unaondoka, utamu unabaki juu. Huo utamu ndo unaokutana na chumvi ya samaki. Chakula chote ni hapo, utamu wa kitunguu na chumvi ya samaki, na mkate chini kubeba.

Niliharibu hii kazi wiki yangu ya pili. Asubuhi ile tulikuwa tumechelewa, mzee katoka kwenda kupokea unga, mi nikaona nikiongeza moto kidogo tutaokoa nusu saa. Nilikoroga kwa bidii kweli, lakini chini tayari vilikuwa vimeshika, na kitunguu kikishika chini ule uchungu unasambaa sufuria nzima hata usipokiona. Mzee akarudi, akasikia harufu kabla hajafika mlangoni. Hakupiga kelele. Alionja, akaumwaga ule mzigo wote, akashusha gunia lingine, akavuta kiti akakaa na mimi tukaanza kumenya upya wawili sisi bila kuongea. Siku ile duka lilifunguliwa halina pissaladière mpaka saa tano na wateja wa asubuhi waliondoka mikono mitupu, mama mmoja mtu mzima aliulizia mara tatu, na mzee hakuwaambia ni kosa langu, alisema tu haijawa tayari. Tangu siku ile sijawahi kugusa kile kitufe cha moto, na nikisoma "dakika kumi" moyo unanienda mbio kwa niaba ya msomaji anayewasha jiko lake akiwaamini nyinyi.

Chumvi usiweke mapema, au weka chembe tu, manake samaki anakuja nayo. Wale wa chumvi kavu unawaosha, unavuta mwiba wa katikati, unakausha na kitambaa. Watu wengi wanawapanga hao samaki juu ya vitunguu kwa mistari mshazari mpaka inatokea kama nyavu, inapendeza, ila siyo lazima, mzee wangu alikuwa anawatupa tu.

Unga wa chini ni unga wa mkate wa kawaida wenye hamira na mafuta kidogo ya zeituni, siyo ule wa maandazi wala ule wa matabaka ya siagi. Kuna wanaotumia unga wa pai na ni tamu, lakini mkate unafyonza yale mafuta ya vitunguu, na huo mkate uliolowa kidogo kwa juu na mkavu kwa chini ndo watu wanaufuata.

Zeituni mmeandika "ukipenda" pia. Mhariri, hapa zeituni ndogo nyeusi za Nice zinatoka kwenye mti unaoitwa cailletier, ni vijipunje hivi, rangi inaenda kwenye zambarau, na tangu 2001 zina hadhi ya kulindwa kisheria Ufaransa, mtu huwezi kuchukua zeituni ya kokote ukaiandika zeituni ya Nice. Zinawekwa na kokwa zake. Mgeni anaweza kushtuka, mwenyeji anatafuna taratibu. Kama msomaji hazipati atumie nyeusi ndogo zozote atakazopata, asitumie zile laini za kopo zilizokatwa duara hazina ladha, hizo bora aache.

Nyanya. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwasababu najua mtu atasema mbona mimi nimeona ina nyanya. Ni kweli umeiona, lakini hukuiona Nice. Ukitoka Nice ukafuata bahari kwenda mashariki unafika Menton, pale wana yao yenye nyanya wanaiita pichade. Ukivuka mpaka ukaingia Liguria upande wa Italia, Sanremo wanaiita sardenaira, mbele kidogo kuelekea Imperia wanaiita piscialandrea, na wenyewe wanapenda kusema ni kwa heshima ya Andrea Doria, amiri wa jeshi la majini la Genoa aliyezaliwa Oneglia mwaka 1466. Doria alifariki 1560, zamani hizo nyanya hata haijawa chakula cha watu wa kawaida upande huu wa dunia, kwahiyo hata hiyo yao, kama hadithi ni ya kweli, ilianza bila nyanya. Zote ni ndugu. Na undugu huo una sababu, Nice yenyewe ilikuwa chini ya ukoo wa Savoy (watawala ambao baadaye ndo wakawa wafalme wa Italia) tangu 1388, ikawa Ufaransa moja kwa moja mwaka 1860 tu, na Menton ikafuata 1861 baada ya Monaco kuachia. Bahari ni moja, anchovi ni wale wale, mpaka umekuja juzi. Lakini kila mji ulikaa na mkate wake na jina lake, na ukimpa mtu wa Nice yenye nyanya akakuuliza ni nini ukasema pissaladière, atakurekebisha hapo hapo, kwa upole, lakini atakurekebisha.

Jibini hata sijui nianzie wapi. Haipo Nice, haipo Menton. Jibini inafunika, na ikipoa inakuwa ngumu kama mpira, wakati pissaladière inaliwa vuguvugu au imepoa kabisa. Hiyo nayo hamkuitaja. Siyo chakula cha kutoka kwenye oveni moja kwa moja kwenda mezani. Tulikuwa tunatoa trei saa moja asubuhi, tunaziacha kwenye ubao, mpaka saa tatu vitunguu vimetulia, mafuta yamerudi ndani, ndo tunakata vipande vya mraba. Watu wananunua kipande kwa yuro chache, wanafungiwa kwenye karatasi wanakula wakitembea, wengine wanavuka na kipande chao mpaka soko la Cours Saleya wanakula wamesimama katikati ya maua na mboga. Jumatatu soko lile ni la vitu vya kale, hamna mboga, lakini wauza vitu vya kale ndo walikuwa wateja wetu wakubwa, wanafika kabla hakujakucha na njaa ya kweli. Nimewaona wavuvi, mawakili, watoto wa shule, wote wanakula kitu kimoja, wote wanapangusa vidole kwenye karatasi ile ile. Kwangu mimi hicho ndo kilikuwa chakula cha kwanza cha huku kunifanya nijisikie nipo mahali penye watu, siyo kwenye picha ya kadi.

Ninachoomba mhariri siyo kikubwa. Tafadhali Jumapili ijayo kwenye ukurasa ule ule toeni marekebisho, andikeni: vitunguu kilo mbili kwa nusu kilo ya unga, saa moja na nusu moto mdogo na mfuniko, anchovi wa chumvi au pissalat kama ipo, zeituni nyeusi ndogo, hakuna nyanya, hakuna jibini, iliwe ikipoa. Na toeni neno piza kwenye kichwa. Piza ni chakula chenye heshima yake, watu wa Napoli wana yao na hawahitaji kuazimwa jina ili kitu kingine kieleweke. Semeni tu ni mkate wa vitunguu na dagaa wa chumvi wa Nice, Mswahili yeyote atawaelewa.

Yule mzee amestaafu sasa, mikono inamsumbua, ila Jumapili nikitoka kazini napita kwake tunakaa kibarazani. Anajua nasoma gazeti la lugha yangu, huwa ananiuliza leo wameandika nini. Ile Jumapili nilimwambia wameandika habari za mpira. Mkichapisha marekebisho nitamwonyesha kwenye simu na nitamtafsiria neno kwa neno, na namjua, kabla sijafika mbali atanikatiza aniulize vitunguu wamesema vikae motoni muda gani.

Wenu msomaji,
Nice, Ufaransa